Mstari Ulioachwa Wazi

Tangu Noeli Manassé hakuwa ameniangalia machoni. Miezi mitano. Tulifanya kazi kwenye meza moja, tukachota herufi kwenye sanduku moja, mkono wake ukapita karibu na wangu mara ngapi sijui kwa siku, na macho yake yakabaki chini kwenye chuma. Mtu akikuchukia, unajua. Manassé hakunichukia. Hilo ndilo lililonitia hasira, na minye nikishikwa na hasira sifichi.

Mimi ni Ernestine, binti wa Octave, fundi wa mitumbwi wa Nyamianda, kando ya ziwa. Mwaka ule wa sitini na nne nilikuwa na miaka ishirini, na katika nyumba ya chapa ya Rugenge nilikuwa msichana peke yangu. Masista walinifundisha kusoma. Bwana Norbert, patron wetu, mkuu wa kazi, alinifundisha kusoma herufi zilizogeuzwa, zikiwa zimelala kwenye chuma kabla hazijapakwa wino. Kwa miaka miwili Norbert alikuwa akiandika kitabu cha watu wanaotaka kujifunza kupanga kurasa: pembeni uache kiasi gani, kichwa cha habari kiwe kinene namna gani, na kadhalika. Kurasa zote zilikuwa zimeshachapwa. Ulibaki mmoja, ule wa mwisho, ukurasa wa maneno, ambao mwanafunzi anaukimbilia akisikia neno la kazi asilolijua.

Na ulibaki siku mbaya. Ile Jumamosi, watu kutoka upande wa Fizi walikuwa wakipita barabarani na magodoro kichwani, wakikimbia vita. Mwenye mashine alituma habari kwamba saa saba lori lingekuja kubeba mashine na herufi zote, kuzivusha Bujumbura. Norbert angekwenda nazo. Nami pia.

Papa, baba yangu Octave, aliniambia alfajiri, huku akifunga kikoi changu na sahani zangu mbili ndani ya shuka. "Unapanda lori ile. Ildephonse anakungoja Bujumbura. Ndoa ni Jumapili ya pili. Saa tano nitapita kwa Norbert kuchukua makaratasi ya mualiko, utayabeba weye mwenyewe."

Ildephonse alikuwa na duka la vitambaa. Nilikuwa nimemwona mara mbili. Alikuwa mtu mpole, sina neno baya la kumtupia. Nilimpenda kama mtu anavyompenda jirani wa jirani yake.

Basi saa mbili nilikuwa mezani, na moyo wangu haukuwa mezani.

"Safu mbili," nilimwambia Manassé. "Neno la Kiswahili mbele, linene. Maelezo yafuate chini yake, yasogee ndani kidogo, ili jicho likishuka lione maneno tu."

"Kifaransa kitangulie," akasema. Alisema na sanduku, si na mimi. "Vitabu vya mashine viko mu Kifaransa."

"Mwanafunzi anasikiaga neno na masikio kwanza. Patron akikasirika hapa anasemaga 'leta uzi'. Hasemi ficelle."

Kutoka nyuma ya mashine Norbert akakohoa. Alikuwa akipaka mafuta magurudumu na kujifanya hatusikii.

Manassé akafikiri. Alikuwa mrefu, mtu wa Mulenge, juu mlimani, amekulia kwenye ng'ombe na baridi, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka unataka kumtikisa. Kisha akachukua neno la Kifaransa alilokwisha kulipanga, akalisogeza nyuma, na la Kiswahili likaja mbele. Hakusema kwamba nimeshinda. Akachukua kipande kirefu cha shaba, kile kinachochapa mstari, akakisimamisha katikati ya safu zetu mbili.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Inatenganisha."

"Nyeupe inatosha kutenganisha."

"Bila mustari maneno yataingiliana."

"Hayataingiliana. Vitu viwili vinaweza kukaa karibu bila kujengewa ukuta, Manassé."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Tunasema juu ya ukurasa," akasema taratibu.

"Minye nasema juu ya ukurasa. Weye unasema juu ya nini?"

Manassé akakaza kile kipande cha shaba mahali pake, na mstari ukabaki.

Niwaambie kilichotokea Noeli, msije mkamdhani mjinga. Mwaka mzima kabla ya Noeli tulikuwa tukirudi pamoja jioni hadi kwenye kona ya njia ya kwetu. Alinifundisha kuita ng'ombe kwa Kinyarwanda, nikamfundisha kula ndagala, vile visamaki vya ziwa, na vichwa vyao. Hakuwahi kunishika hata kidole, lakini alipocheka nilisahau njia. Siku ya pili ya Noeli alivaa koti, akaenda kwa papa peke yake, akaniposa. Papa alimkaribisha kiti, akampa chai, akamwambia hapana. Watu wa mlimani, kanisa lingine, mbali na ziwa, baridi, maziwa asubuhi na maziwa jioni. Walichozungumza baada ya hapo sikukijua. Manassé alitoka, akanipita mlangoni, na macho yake yakaniacha siku hiyo.

Tukaendelea kupanga. Dakika zilikwenda. Saa nne ilipogonga kanisani nilikuwa nimemaliza neno "uzi", na kwa maelezo ya neno lililofuata nikatia mkono kwenye chumba cha k, vidole vikagusa mbao. Patupu.

Lazima mjue jambo moja kuhusu herufi zetu. Zilinunuliwa Ulaya kwa ajili ya Kifaransa, na Kifaransa hakitumii k, kinaziogopa. Kiswahili kinazila. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ulimaliza karibu kila k tuliyokuwa nayo, na ndiyo maana tulikuwa tukichapa ukurasa, tunaubomoa, tunarudisha herufi kwenye vyumba vyake, kisha tunaanza mwingine. Lakini kurasa zote za kitabu zilikuwa zimebomolewa. K zilipaswa kuwepo.

"Patron," nikaita, "k ziko wapi? Nimebakiza maneno mawili, 'wazi' na 'wino'."

Norbert akainua kichwa. Akamtazama Manassé, si mimi. Manassé akainama zaidi.

"Iko kazi ingine imesimama," Norbert akasema. "Pale kwenye rafu. Ya muteja."

Nikaenda kwenye rafu. Chini ya karatasi ya kahawia palikuwa na ukurasa mdogo, umefungwa uzi kuzunguka, safi, pembe zake nne zimenyooka. Nikauinamia nikasoma kama nilivyofundishwa. Papa yangu Octave na mama yangu Félicité wana furaha kuwakaribisha kanisani, na karamu, na kuendelea. Karibu, kanisani, karamu, kwa. K zangu zote. Halafu jina langu, kwa herufi kubwa, katikati, na nafasi nzuri juu na chini. Sikuweza kusoma zaidi. Machozi yalijaa nikaona chuma tu.

Fundi wa kupanga anajulikana kwa mkono wake. Norbert hubana maneno. Mimi huacha nafasi kubwa mno baada ya nukta. Ukurasa ule haukuwa na kosa lolote.

"Ni weye uliipanga," nikasema.

Mkono wake ukarudi kwenye sanduku.

"Manassé. Niangalie. Ni weye?"

"Iliwekwa kwenye ubao wangu Jumatano," akasema. "Ni kazi."

"Kazi. Ukachukua jina langu herufi moja moja, ukalipanga vizuri kunipeleka kwa mutu mwingine. Ukapima hata nafasi ya juu."

"Jina lako siwezi kulipanga vibaya."

Nilitamani kumpiga na ule ubao. "Kwa nini, juu ya nini hukuniambia? Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, ulikuwa hapa. Tulibishana siku mbili juu ya unene wa herufi. Ulikuwa na mudomo wa hiyo."

"Bujumbura hakuna vita," akasema. "Mulimani siku hizi hatujui kesho. Hapa pia hatujui. Ukiwa kule utalala."

"Nani alikuambia nataka kulala?"

Norbert alikuja katikati yetu na kitambaa chake cha mafuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua mafundo ya ule uzi kwa kucha.

"Acha," akasema. "Ernestine, acha mukono. Munajua sheria ya hapa. Kazi ya muteja haibomolewi bila neno la muteja. Na anayebomoa ni yule aliyepanga, sababu vidole vyake vinajua kila herufi ilitoka wapi. Weye hukupanga hiyo."

"Basi ukurasa wa kitabu?"

Norbert akaangalia saa ya ukutani, kisha ukurasa wetu wa maneno uliolala juu ya jiwe la kufungia kurasa, umekosa maneno mawili. Miaka miwili ya maisha yake. Alikuwa mtu wa kelele, na safari hii alisema polepole.

"Mashine inafunguliwa vipande saa sita na nusu. Kabla ya hapo inaweza kuchapa kimoja. Mualiko au maneno. Papa yako akifika atasema nichape mualiko, na iko haki yake. Kitabu kitaenda bila ukurasa wa mwisho. Si kitu."

Ilikuwa kitu. Alitugeuzia mgongo tusione uso wake.

Nikabaki nimesimama mbele ya Manassé, na nikasema bila kupunguza sauti, nikijua Norbert anasikia na barabara nzima ya Rugenge inasikia. "Ninakupenda. Noeli nilikupenda, na leo, na ile miezi ya katikati uliyokuwa unaongea na sanduku. Saa saba nitakuwa juu ya lori. Uko na neno au hauna?"

Hatimaye aliinua macho. Mungu wangu, nilikuwa nimesahau yalivyo. Yalikuwa mekundu.

"Usiniulize, Ernestine," akasema. "Nakuomba."

Hapo ndipo papa alipoingia.

Papa Octave hakuwa mtu wa kubisha hodi mara mbili. Alisimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akanitazama usoni, akamtazama Manassé, akavua kofia.

"Bwana Norbert. Makaratasi yangu yako tayari?"

"Sijachapa, Octave. Nilikuwa nangoja ukague mufano mumoja kwanza."

"Nionyeshe."

Norbert akachukua ule ukurasa mdogo rafuni, akaupaka wino kwa rola, akaweka karatasi moja juu yake na kuigonga kidogo kidogo. Manassé alisogea hatua moja kama mtu anayetaka kuzuia, kisha akasimama. Norbert akaibandua karatasi, akampa papa bila kuiangalia.

Papa alisoma polepole, midomo ikicheza. Alifika katikati. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Hapa hakuna bwana arusi," akasema.

Norbert akamnyang'anya karatasi. Nikachungulia begani mwake. Jina langu lilikuwepo, katikati, zuri. Chini yake "na". Chini ya "na" palikuwa peupe. Mstari mzima mweupe, halafu siku na saa ya misa.

"Manassé," Norbert akasema, na sauti yake ikapanda, "miaka sita hapa hujaruka hata nukta. Hii iko nini?"

"Sikuruka, patron. Niliweka wazi." Wazi ni vile vipande vifupi vya chuma visivyofika juu, visivyochapa chochote, hujaza mahali pasipo neno. Aliupanga mstari mzima kwa hivyo.

"Juu ya nini?"

Manassé alimgeukia papa, si Norbert. Akaweka mikono nyuma kama wanavyosimama kwao mbele ya mkubwa.

"Papa Octave, Noeli ulinikataza kusema na mutoto wako mambo ya ndoa. Nilikupa neno langu. Sijasema. Muulize yeye. Muulize patron."

"Hajasema," nikajibu, na sasa nilielewa ile miezi mitano yote kwa mara moja. "Hata salamu ananipimiaga."

"Jumatano nilipewa hii kazi," Manassé akaendelea. "Nilipanga majina yenu, nikapanga lake. Nilipofika kwa jina la huyu bwana, vidole vilikataa kuliingiza. Nilijaribu mara ine. Nikaacha nafasi, nikasema nitaijaza kesho. Kesho ikawa leo." Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kifurushi cha karatasi, akakifungua juu ya jiwe. Ndani mlikuwa na herufi kumi, zimepangwa na kufungwa uzi mwembamba. "Jina lake liko hapa. Nafasi niliyoacha niliipima, linaingia sawasawa. Ukisema niliweke, nitaliweka sasa hivi mbele yako."

Nje mtu alikuwa akimwita mwenzake aharakishe na mbuzi.

Papa aliokota kile kifurushi. Alikuwa na mikono ya kazi, dole gumba pana. Alilipitisha juu ya zile herufi kumi, kisha juu ya ubao, pale palipokuwa pamebonyea kwenye mstari mtupu. Ndivyo alivyokuwa akipapasa ubavu wa mtumbwi kutafuta mahali maji yatakapoingia.

"Ernestine," akasema bila kuniangalia. "Weye unasema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Papa, ukiniinua na mikono ukaniweka mu lori, nitakaa. Sitaruka njiani kukuaibisha. Lakini mbele ya padri sitajibu ndiyo. Ildephonse hajanikosea, sitaki kumudanganya mbele ya watu."

"Mulimani kuko baridi."

"Najua."

"Na vita ikipanda kule?"

"Itanikuta na mutu niliyemuchagua."

Papa akakigeuzageuza kile kifurushi mkononi hata Norbert akaanza kuitazama saa. Nilijua anachofikiria. Hakuwa mtu mbaya, papa yangu. Alitaka nivuke mpaka, niwe mzima, na Ildephonse alikuwa daraja lililokuwa karibu. Alfajiri ile, kabla ya kuniambia, alikuwa amelia alipoanza kufunga ile shuka, akidhani bado nimelala.

"Kazi kama hii nani anabomoaga?" akamuuliza Norbert.

"Aliyepanga. Na ruhusa ya mwenye kazi."

"Mwenye kazi ni minye." Akaiweka kofia kichwani. "Bomoa."

Nilitaka kumrukia shingoni. Akaniinulia mkono nisimame pale pale.

"Sijasema ndiyo. Nimesema bomoa." Akamgeukia Manassé. "Uliniheshimu bila mutu kukuangalia, nimeona. Lakini muchumba hashuki peke yake kuomba muke, kama ulivyokuja Noeli na koti lako. Unaenda kwenu leo. Mukubwa wa kwenu ashuke akae kwangu, tuongee. Jumatatu, saa sita. Asiposhuka, awe amezuiwa na njia, na vita, na ng'ombe, sitauliza ni nini. Nitamupeleka Ernestine Bujumbura na mutumbwi wangu mwenyewe."

"Ndiyo, papa," Manassé akasema. Kupanda Mulenge kwa miguu ni siku nzima, kushuka siku nyingine, na siku zile njia haikuwa ya mtu yeyote. Alisema ndiyo kama mtu aliyeambiwa avuke barabara.

Akafungua uzi. Vidole vyake vilikwenda haraka, herufi hii chumba hiki, ile kile, na nikaona jina langu likirudi nyumbani vipande vipande na sikuumia. Alipofika kwenye k hakuzirudisha kwenye sanduku. Aliziweka kiganjani mwangu, moja moja, zikiwa bado na wino, na kwa kila moja aliniangalia. Papa alikuwepo, akageuka kutazama mlango.

Nikapanga "wazi": kipande kifupi kisichochapa kitu, hukaa pasipo neno. Nikapanga "wino". K zikatosha, zikabaki mbili.

"Mustari?" Manassé akauliza, kidole juu ya ile shaba iliyosimama katikati ya safu.

"Toa."

Akauchomoa. Norbert akaubeba ukurasa wake hadi kwenye mashine kama anabeba mtoto mchanga, na saa sita kasoro robo pedali ikaanza kugonga.

Manassé hakungoja wino ukauke. Aliosha mikono, akachukua fimbo yake, akanipita mlangoni. Safari hii alisimama.

"Jumatatu," akasema.

"Saa sita," nikasema. "Usinifanyie ya Noeli."

Akacheka. Nikabaki nikimwangalia mpaka alipokata kona ya njia ya mlimani.

Norbert alikuwa akihesabu visanduku vya herufi kwa ajili ya lori, akamwona papa anaelekea nje. "Octave, zile herufi kumi. Zinarudi mu sanduku. Lori linaenda leo."

"Bujumbura watakosa kumi," papa akasema. Alikifunga kile kifurushi vizuri, jina la Ildephonse likiwa limekazwa ndani tayari, akakitia kwenye mfuko wa shati lake na kuufunga kifungo. "Nitakaa nazo mupaka Jumatatu."